Kitagalog Nilivyokijua Los Baños: Maneno ya Urithi, ya Mkopo na ya Bahati

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili hufika Ufilipino na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kudhani kwamba kila neno linalofanana na la kwao lina undugu nalo. Mimi nilikwenda Los Baños, mji mdogo wa mkoa wa Laguna ulio kusini ya Manila, kusomea mpunga, kwa kuwa hapo ndipo ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoanzishwa mwaka 1960, na jirani yake ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Ufilipino iliyoanza kama chuo cha kilimo. Lugha haikuwamo katika masomo yangu. Lakini mgeni hawezi kushinda mashambani na wakulima na vibarua bila kuokota maneno yao, na maneno yale yalinivuta taratibu hadi kwenye historia yake, nami tangu hapo sijaweza kusikiliza lugha yoyote, hata ya nyumbani, kwa masikio yale ya zamani.

Kilichonishika kwanza ni mpunga wenyewe. Wanafunzi waliotoka nchi zisizolima zao hilo walitaabika na maneno matatu, palay, bigas na kanin, kwa sababu katika lugha zao yote hayo ni kitu kimoja. Mimi mtoto wa Pemba sikuwa na la kutaabika, kwani palay ni mpunga, bigas ni mchele na kanin ni wali, na hata ukoko una jina lake, tutong, na unagombaniwa mezani kama unavyogombaniwa kwetu. Hapo hapana undugu wa lugha wala mkopo. Watu wanaolima mmea mmoja, wakautwanga na kuupika kila siku, huhitaji jina kwa kila hatua yake, na kila jamii hujitungia majina hayo kwa nafasi yake.

Undugu wa kweli niliuona kupitia mwenzetu mmoja kutoka Indonesia. Kwao mchele huitwa beras, na Watagalog, yaani watu wa Laguna na Manila, husema bigas. Kitu kipya kwao ni baru, na kwa Watagalog ni bago. Mshipa kwao ni urat, na kwa Watagalog ni ugat. Ukiyaweka maneno hayo kando kwa kando utaona kwamba palipo na r upande mmoja pana g upande wa pili, na jambo hilo linajirudia katika maneno mengi mno kuweza kuwa la bahati. Si kila r hubadilika hivyo. Inahusika ile tu iliyotokana na sauti moja ya kale ambayo wanaisimu huiandika kwa R kubwa, na ambayo kila tawi la ukoo huo lilikwenda nayo njia yake. Wapampanga, majirani wa Watagalog upande wa kaskazini, waliigeuza kuwa y, wakasema bayu, na Wamalagasi waliiangusha kabisa, wakasema vao. Mwanafunzi wa kilimo hufundishwa kutoiamini sura ya nje ya mmea kabla hajaangalia ukoo wake, na nadhani ndiyo sababu hoja hii ya sauti iliniingia haraka kuliko ilivyowaingia baadhi ya wenzangu.

Siku moja tulikuwa katika chumba baridi cha mbegu tukihesabu bahasha, Mfilipino mmoja, Mmalagasi mmoja na mimi, na kila mmoja akihesabu kimoyomoyo kwa lugha yake mpaka sauti zikaanza kupanda. Mfilipino alikuwa akisema apat, lima, anim, pito, walo. Mmalagasi alikuwa akisema efatra, dimy, enina, fito, valo. Waliinua macho kwa pamoja. Kati ya nchi zao imelala Bahari ya Hindi nzima, na hakuna aliyemfundisha mwenzake kuhesabu. Lugha hizo mbili zimo katika ukoo wa Kiaustronesia, ambao wataalamu wengi huuanzisha katika kisiwa cha Taiwan yapata miaka 5,000 iliyopita. Wasemaji wake walivuka kwa vyombo vya baharini hadi Luzon, kisiwa ilipo Manila, wakaendelea hadi Borneo, Java na visiwa vya Pasifiki, na tawi moja likavuka hadi Madagascar, ambako lugha ya leo ina undugu wa karibu kabisa na lugha za bonde la mto Barito, huko Borneo. Bangka za wavuvi wa Laguna zina vibao vya pembeni vya kuzuia chombo kisipinduke, na mtu aliyekulia karibu na ngalawa hahitaji kuelezwa kazi yake.

Mwenzetu mmoja kutoka Kenya, aliposikia hesabu ile, alishikilia kwamba basi hata Kiswahili kimo katika ukoo huo, kwa kuwa tatu yao ni tatlo na tatu yetu ni tatu. Hoja ilikuwa tamu, lakini haikusimama. Shina la neno lao ni telu, lililobaki telo kwa Wamalagasi na tulo kwa Wacebuano wa visiwa vya katikati ya Ufilipino. Watagalog walirudia silabi ya mwanzo, ikawa tatelu, kisha irabu ya katikati ikadondoka, ikawa tatlo. Tatu yetu ina safari yake nyingine kabisa katika lugha za Kibantu. Vivyo hivyo lima yao, ambayo katika lugha mama ilikuwa ni mkono wenye vidole vitano, haihusiani hata chembe na kulima kwetu, ingawa mahali pale penye majembe mengi mtu aliweza kushawishika. Nami niwe mkweli: kila Jumapili mama mwenye nyumba niliyopanga aliponiaga kwa kusema kwamba anakwenda magsimba, yaani kusali kanisani, akili yangu ilimwona mnyama kwanza.

Watu wa Manila huzungumza juu ya Kitagalog kana kwamba kiliota pale pale kwenye mdomo wa mto Pasig. Ushahidi wa lugha unasema vingine. Msimamizi wetu wa shamba alitoka kisiwa cha Leyte, katika visiwa vya kati viitwavyo Visayas, na lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kicebuano, na wakati wa kupandikiza miche neno la kutwa nzima lilikuwa tanim, ambalo yeye alilitamka tanom kila alipojisahau. Nikaanza kuandika jozi pembeni mwa daftari la shamba: nyeusi ni itim kwa Watagalog na itom kwake, nyota ni bituin na bituon, jino ni ngipin na ngipon. Irabu moja ya kale, fupi na iliyofifia, iligeuka i huku na o kule, lakini maneno yenyewe ni yale yale. Kwa upande mwingine, Kikapampangan, ambacho huzungumzwa mwendo mfupi tu kaskazini ya Manila, kinayaita maji danum, wakati Mtagalog na Mcebuano wote wawili huyaita tubig. Jirani wa ukuta ni ndugu wa mbali, na ndugu wa tumbo moja yuko ng'ambo ya bahari.

Ni hali hiyo iliyowafanya wanaisimu kama David Zorc na Robert Blust wakiweke Kitagalog katika kundi la lugha za Ufilipino ya kati, pamoja na lugha za Visayas na Kibikol, na kuitafuta asili yake kusini, upande wa mashariki ya Visayas au kaskazini mashariki ya Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini. Waliokileta walihamia Luzon na kuwakuta wengine wakiwa wameshakaa, wakiwemo mababu wa Wapampanga. Kwa hiyo lugha ambayo leo ni ya mji mkuu ilifika huko ikiwa ngeni. Msimamizi wetu alipenda sana kuwakumbusha watu wa Manila jambo hilo, hasa chakula cha mchana kilipokwisha na mvua ikakataza kurudi shambani.

Ziwa la Laguna ambalo Los Baños imekaa kando yake ndilo lililotoa maandishi ya kale kuliko yote yaliyopatikana Ufilipino yakiwa na tarehe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mchanga wa mto karibu na Lumban, upande wa pili wa ziwa, kilipatikana kibati cha shaba kisichofikia sentimita 30 kwa urefu, chenye mistari kumi. Antoon Postma, Mholanzi aliyeishi miaka mingi na Wamangyan wa kisiwa cha Mindoro, ndiye aliyekisoma. Tarehe yake kwa kalenda ya Saka ni mwaka 822, nayo ni sawa na tarehe 21 Aprili mwaka 900. Nilikwenda kukitazama katika jumba la makumbusho la taifa Manila, nikasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Hati za kale za mataifa mengi husifu wafalme na vita. Hii ni stakabadhi ya deni. Inasema kwamba Namwaran, aliyedaiwa dhahabu ya uzito wa kati moja na suwarna nane, vipimo vya zamani vya uzito, amesamehewa, na watoto wake wanapewa hati ya kuthibitisha hivyo kwa amri ya mkuu wa Tundun, ambayo ndiyo Tondo ya leo, ndani ya Manila.

Lugha ya kibati hicho si Kitagalog. Kwa sehemu kubwa ni Kimalay cha kale kilichojaa Kisanskriti, na hati zake ni za Kawi kutoka Java. Hata hivyo deni limeandikwa humo hutang, na muuza duka wa Los Baños hadi leo anaandika utang katika daftari lake, na mtoto ni anak katika shaba ile kama alivyo anak leo. Kibati hicho kinaonesha kwamba miaka zaidi ya mia sita kabla ya Mhispania kufika, watu wa ziwa lile walikuwa tayari wakifanya mambo yao ya sheria kwa lugha ya biashara ya eneo zima. Njia hiyo ndiyo iliyoingiza guro kwa maana ya mwalimu, mukha kwa maana ya uso, na balita kwa maana ya habari, yote yakiwa na asili ya Kisanskriti, na sidhani kama wasemaji wake wa leo huyahisi kuwa ni ya kigeni.

Njia hiyo hiyo ilileta maneno yaliyonigusa mimi zaidi. Nilipopata mafua ya mvua, mama mwenye nyumba, ambaye sote wapangaji tulimwita Nanay, aliniletea kikombe cha maji ya moto ya tangawizi na sukari, akasema ni salabat. Nilikunywa bila kufikiri, kisha neno likanirudia kichwani baada ya kikombe kwisha: sharubati. Suruali kwao ni salawal. Hakimu ni hukom, kudhani ni akala, na shukrani hutolewa kwa salamat. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hayo yote ni ya nyumbani, hukumu, akili na salama, lakini Kiswahili hakikuyapeleka Manila wala Manila haikuyaleta kwetu. Kila upande uliyapokea kutoka Kiarabu kwa mlango wake. Sisi yalitujia kwa majahazi ya pepo za kaskazi na kwa masomo ya dini, na wao kwa mikono ya Wamalay, ambao walikuwa wameshayapokea na kuyazoesha midomo yao, ndiyo maana sauti zake zimelainika na maana zimehama. Sharubati ya Luzon ina tangawizi na hunywewa moto. Wakati Mhispania Miguel López de Legazpi anaiteka Maynila, yaani Manila, mwaka 1571, mmoja wa watawala wake alikuwa Rajah Sulayman, na nyumba za utawala za mji ule zilikuwa na uhusiano wa karibu na Brunei.

Wachina wa kusini ya Fujian nao waliacha alama yao jikoni na ndani ya familia. Dada mkubwa ni ate, kaka mkubwa ni kuya, na funguo ni susi, yote kutoka Kihokkien. Ukimwita mhudumu wa duka kwa jina tupu, bila ate au kuya, umekosa adabu hata kama umetia po ya heshima kila baada ya neno.

Kwa Wahispania nitakaa zaidi, kwa sababu watu wengi hukosea hesabu yao. Hutajiwa mesa, bino, bandera na pari, wakasema Kitagalog ni nusu Kihispania. Sisi tuna meza, mvinyo, bendera na padri kutoka kwa Wareno, na hakuna anayesema tunazungumza Kireno. Jambo la kutazama ni kile ambacho lugha inakifanya na neno ikishalipata. Trabaho ni kazi, na ni la Kihispania waziwazi, lakini Mtagalog husema nagtrabaho akiwa ameshafanya kazi, nagtatrabaho akiwa anaifanya, na magtatrabaho akiwa ataifanya. Silabi inarudiwa, kiambishi kinabadilika, na kitenzi kinaeleza kama tendo limekamilika, linaendelea au bado kuanza. Mtambo huo wa vitenzi ni wa kale kuliko meli yoyote ya Ulaya. Kula ni kain. Aliyekula kumain, na kilicholiwa kinain, kipande kikiwa kimeingizwa katikati ya shina lenyewe. Nilijifunza maneno mia kwa urahisi na bado nikawa sisemi lolote la maana, mpaka nilipoacha kukusanya majina nikakaa na vitenzi.

Mapadri wa Kihispania waliliona hilo mapema kuliko mimi. Badala ya kungoja Watagalog wajue Kihispania, wao walijifunza Kitagalog ili wahubiri, na mwaka 1593 kilichapishwa Manila kitabu cha mafundisho ya Kikristo, Doctrina Christiana, chenye Kihispania na Kitagalog, na Kitagalog hicho kiliandikwa kwa herufi za Kilatini na kwa hati ya wenyeji, baybayin. Nakala yake moja tu inayojulikana ipo katika maktaba ya bunge la Marekani. Baybayin ina alama 17, tatu za irabu na 14 za konsonanti, na kila konsonanti husomwa pamoja na a; ukitaka i au e unatia nukta juu, ukitaka u au o unaitia chini. Konsonanti ya kufunga silabi haikuandikwa kabisa. Nilipojaribu kuisoma niliona taabu yake mara moja, kwani bundok, mlima, huandikwa budo, na msomaji hujazia mwenyewe kwa kujua lugha. Mwaka 1620 padri Francisco López alibuni alama ya msalaba ya kuua irabu, lakini Watagalog hawakuvutiwa nayo. Wao hawakuhitaji msaada huo. Aliyeuhitaji ni mgeni. Hati mbili za kuuza ardhi zilizoandikwa kwa baybayin, za miaka ya 1613 na 1625, zimehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Santo Tomas.

Kutokana na njia hiyo ya mapadri, Kihispania hakikuwahi kuwa lugha ya watu wengi Ufilipino hata baada ya zaidi ya miaka 300. Mwaka 1610 Tomas Pinpin, mchapaji mwenyeji wa Bataan, alitoa kitabu cha kuwafundisha Watagalog Kihispania, jambo linaloonesha kwamba mwenyeji mwenyewe aliiona lugha hiyo kama silaha iliyofichwa. Katika jina la kitabu hicho lugha imeandikwa uica. Mwishoni mwa karne ya 19 wasomi wa Kifilipino kama Pardo de Tavera na José Rizal walipigania k na w zichukue nafasi ya tahajia ya Kihispania, ikawa wika.

Baada ya Marekani kuingia na Kiingereza kutawala shule, suala la lugha ya taifa lilikwama mpaka katiba ya mwaka 1935. Taasisi ya Lugha ya Taifa iliundwa mwaka 1936, mwenyekiti wake akiwa Jaime de Veyra, mtu wa Visayas, na wajumbe wake wakitoka katika lugha mbalimbali kubwa. Walipendekeza Kitagalog, na Rais Manuel Quezon akalitangaza hilo tarehe 30 Desemba 1937. Lope K. Santos akatunga sarufi na alfabeti ya herufi 20. Mwaka 1959 lugha hiyo ikaitwa Pilipino, na katiba ya mwaka 1987 ikaiita Filipino, ikiagiza ijengwe pia kwa lugha nyingine za nchi.

Mimi ninayetoka Pemba, ambako tulifundishwa shuleni kwa Kiunguja kilichoteuliwa mwaka 1928, niliwaelewa wote waliokuwa wakilalamika kwamba lugha ya wengine imefanywa ya taifa, na nikaona pia kwamba hata Kitagalog chenyewe kina Unguja yake na Pemba yake. Nanay alikuwa mtu wa Batangas, ambako nakain maana yake ni kwamba mtu anakula, wakati Manila neno hilo humaanisha kilicholiwa. Akimuuliza kijana wa Manila, "Nakain ka ba ng isda?", yeye anauliza kama mgeni hula samaki, na kijana anasikia akiulizwa kama aliliwa na samaki. Mzaha huo ni mkongwe na kila mtu anaujua, lakini Nanay aliuchukia. Kwa maoni yangu uteuzi wa 1937 ulikuwa na busara, kwa kuwa Manila ndiko vitabu na magazeti yalikokuwa, ila walioshinda waliusahau upesi mno.

Msimamizi wetu kutoka Leyte hakupoteza muda kulalamika. Alizungumza na vibarua kwa Kitagalog, akaandika ripoti kwa Kiingereza, na kwenye simu na mkewe alirudi Kicebuano. Ukimchokoza kwamba lugha ya taifa si yake, alikutajia wizara ya sheria, ambayo jina lake rasmi ni Kagawaran ng Katarungan, kisha akakufafanulia kwamba shina la katarungan ni tarong, neno la Kibisaya, yaani la lugha za Visayas kama yake, la kitu kilichonyooka, na kwamba mawakili wa Manila hulitamka kutwa nzima.